Tangi Liamke na Njaa

Fundi hakulipenda jua. Kazi yake ilikuwa kulikusanya, na alikuwa amelikusanya kwa miaka mingi kabla mimi sijafika Doha, lakini sikuwahi kumwona akitembea juani bila mwavuli. Ulikuwa mwavuli mweusi wa mvua, wenye ubavu mmoja uliovunjika, katika mji ambao mvua ikinyesha watu hutoka nje kuipiga picha. Kutoka chumba cha mitambo hadi getini ni mwendo wa dakika mbili. Fundi aliutembea chini ya mwavuli, akifika kwenye kivuli cha ukuta anaufunga, akikimaliza kivuli anaufungua tena. Watunza bustani walimcheka waziwazi. Yeye aliwajibu kwa Kiswahili, ingawa hawakukijua: "Mchunga ng'ombe halali zizini."

Mimi nilikuwa askari wa geti hilo. Kompaundi yetu iko Al Rayyan, nyumba thelathini na kitu ndani ya ukuta mmoja. Sehemu nyingine kila nyumba ina hita yake ya maji. Yetu ilijengwa kwa namna tofauti: maji ya moto ya nyumba zote yalitoka mahali pamoja. Juu ya paa la chumba cha mitambo na juu ya banda la magari zililala sola za maji, si zile za umeme, bali masanduku bapa ya kioo yenye bomba za shaba ndani. Jua liliyapasha maji, maji yakaingia kwenye tangi kubwa kuliko chumba nilichozaliwa, pampu ikayasukuma chini ya ardhi hadi kila nyumba, na yaliyozunguka bila kutumika yakarudi kupashwa tena. Jua lilipokosa nguvu, boila ya umeme ilisaidia. Aliyeyaendesha yote hayo alikuwa Fundi, na hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Hata meneja wetu, Mjordani asiyejua Kiswahili, alisema "Fundi" akidhani ndilo jina lake la kwenye pasipoti.

Nilikutana naye kwa sababu ya kuungua. Nilikuwa nimefika Julai, siku yangu ya pili, na bweni letu la askari lilikuwa na hita yake ndogo ndani ya bafu. Nilifungua bomba la maji baridi nijimwagie. Nilitoka nje nikiwa nimejifunga leso, nikipiga kelele. Fundi alikuwa anapita na mwavuli wake, akageuza uso upande wa ukuta kwa heshima.

"Askari mpya?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi si mzee, mimi ni fundi. Umefungua lipi?"

"La baridi!"

Alicheka mpaka akaushika ukuta. "Huku mwezi wa saba, la baridi ndilo moto na la moto ndilo baridi. Tangi la baridi liko darini linapikwa kutwa. Izime hita yako, ufungue bomba la moto. Yale yamekaa ndani kwenye kivuli. Utaoga baridi kama mtu wa Limuru."

Nilifanya hivyo, na ikawa kweli. Tangu siku hiyo nilianza kusimama mlangoni pa chumba cha mitambo kila nilipopata mapumziko. Alinivumilia wiki kadhaa bila kusema lolote. Msaidizi wake alipoondoka kwenda kwa kampuni nyingine, Fundi aliniuliza maswali matatu, na hakuna hata moja lililohusu shule.

"Wangapi nyuma yako?"

"Watatu."

"Asubuhi walikuwa wakioga maji gani?"

Nilidhani ananidhihaki. "Ya moto."

"Nani aliyachemsha?"

"Mimi."

"Basi kazi unaijua. Ingia."

Sijui alijuaje kwamba nilibaki na wadogo zangu. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla ya mwaka kwisha, nami nikaacha shule kidato cha pili. Kwa miaka mingi kitu cha kwanza nilichofanya kila siku ilikuwa kuwasha moto ili watatu wale waende darasani wakiwa wameoga. Labda mtu aliyekulia jikoni alfajiri anajulikana kwa jinsi anavyolitazama tangi. Meneja alikubali kwa sharti kwamba kwenye karatasi zake nibaki askari. Nikahamishwa kutoka kile kibanda cha kioo cha getini kilichochemka kama sufuria, nikapewa zamu ya kuanzia saa kumi alfajiri. Nilikuwa na kiti, kivuli, na kitu cha kujifunza. Sikuwa nimewahi kuwa na vitu hivyo vitatu kwa wakati mmoja.

Kwa Fundi hakukuwa na kitu kinachoitwa maji ya moto. Ukimwambia maji ni ya moto, aliuliza, "Moto wa nani? Wa kumwogeshea mtoto, wa kukanda mzee, au wa kunyonyolea kuku?" Kila namna ilikuwa na sehemu yake kwenye kipimajoto. Lakini maji aliyoyajali zaidi yalikuwa yale yanayorudi kutoka majumbani. Aliyaita maji yaliyochoka. Kila asubuhi aliliwekea bomba la kurudi mgongo wa mkono, kwa sababu viganja vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa kazi, na alisema kipimajoto hakijui kuguswa.

"Yakirudi yamechoka, yamefanya kazi," aliniambia. "Yakirudi bado moto, ujue kuna nyumba haijaoga."

Nilidhani ni methali tu. Baadaye nikaelewa kwamba ni hesabu ya mtambo. Sola hupenda kupewa maji yaliyopoa. Ukizipa maji ambayo tayari ni moto, zitaota jua kutwa na kukuongezea kidogo sana, joto lingine litapotelea hewani. Na bomba lisilovikwa sponji vizuri hunywa joto njiani, likaupasha mchanga. Sponji hiyo Fundi aliiita koti. Alizunguka kompaundi nzima akifunua mifuniko ya chini, akitafuta bomba lenye koti lililochanika, akigombana nalo. "Wewe ndiye mwizi. Jua halina kosa."

Kuhusu umeme alikuwa na neno moja: kimeungua. Umeme wa hapa hutokana na gesi, na mitambo inayoichoma iko mbali na macho yetu. Kwa hiyo mtu yeyote akibonyeza swichi mbele yake, Fundi alisema, "Kimeungua." Hakusema nini. Ukiuliza, alikuambia kwamba moshi usiouona ndio mbaya zaidi, kwa sababu hauwezi kukukoholesha ukajua kosa lako. Aliwaambia hivyo wake za watu walioacha taa za bustani mchana. Meneja naye aliambiwa hivyo juu ya kiyoyozi cha ofisi, na kwa kuwa hakukijua Kiswahili alijibu "shukran."

Na mtu huyohuyo alikuwa na birika la umeme ambalo halikupoa. Lilikaa juu ya meza ya chumba cha mitambo, limekwaruzika, na alikunywa chai kwenye glasi ndogo tangu anapofika hadi anapofunga mlango. Siku moja nilijipa moyo. Alipobonyeza kitufe nikasema, "Fundi, kimeungua."

"Hicho ni dawa," akasema, akaongeza sukari.

Alikuwa na wivu pia. Kule West Bay kuna mtambo mkubwa unaopoza maji na kuyasukuma kwa bomba hadi kwenye maghorofa. Mafundi wake walivaa sare safi na walikuwa na ofisi yenye zulia. Fundi aliwaita wale wa baridi. "Wao wanasukuma baridi, wanaonekana mabwana. Sisi tunasukuma joto kwenye nchi ya joto, tunaonekana wendawazimu. Subiri Januari." Pampu ikianza kulia vibaya aliirekodi kwa simu na kumtumia rafiki yake fundi aliyeko Mombasa. "Msikilize huyu anavyokohoa," alisema kwenye ujumbe wa sauti. Sikuwahi kumsikia akituma ujumbe mrefu kuliko huo kwa mtu yeyote.

Kiangazi kilipokolea na hakuna aliyetaka maji ya moto, sola zilipokea jua zaidi ya walilohitaji wakaazi. Maji ndani yake yangeweza kuchemka na kupasua viungo. Hapo Fundi alipanda darini kabla hakujapambazuka na mashuka meusi, akazifunika moja moja. Tulikiita kitendo hicho kuzivisha buibui. Mtu wa geti angesikia sauti kutoka juu ya paa: "Jisitiri, mama. Jisitiri. Utaitwa Oktoba."

Sifa hakuzitoa. Kwa mwaka mzima aliniita Askari, hata nilipoweza kubadili valvu gizani. Nilipofanya vizuri hakusema neno. Nilipokosea, aliniambia niandike kosa hilo kwenye daftari la joto, lile tulilojaza kila saa. "Daftari likidanganywa," alisema, "mtambo unakuwa kipofu, na sisi ndio fimbo yake."

Sasa nifike kwenye kosa ambalo sikuliandika.

Ilikuwa Januari yangu ya pili Doha, na baridi ile ya jangwani inayokuingia kwenye meno. Nyumba ya mwisho kabisa kwenye bomba walikaa wauguzi, Wakenya, wanaoondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda zamu. Mmoja wao, Nekesa, alinijia akiwa na taulo kichwani.

"Askari, aki maji imekuwa baridi! Leo nimeoga nikilia. Na nikifika wodini natakiwa kumwambia mgonjwa pole."

"Fundi amesema tusiwashe boila kabla ya jua bila yeye kujua."

"Fundi anaoga saa ngapi?"

"Sijui."

"Anaoga saa nne, jua likiwa juu. Wewe ni dadetu. Tuonee huruma."

Neno hilo lilinikuta pabaya. Kuanzia kesho yake, saa kumi kamili, niliwasha koili ya chini ya boila, ule waya wa kupashia maji, mpaka mwisho. Kufika saa kumi na moja tangi lilikuwa limepata moto wa kunyonyolea kuku, na niliiacha koili ikae hivyo mpaka karibu Fundi afike, ili walioamka baadaye nao wapate. Nekesa alinipungia mkono kila alipopita. Nilijisikia kama nipo kwetu tena na wadogo zangu wanaenda shule. Kwenye daftari sikuandika chochote, kwa sababu nilijua nikibishana na Fundi nitashindwa.

Mwisho wa mwezi meneja alikuja na karatasi. Boila imekula umeme kama vile hakuna jua kabisa, alisema. Mwenye kompaundi amechoka. Sola zitang'olewa, kila nyumba itawekewa hita yake, na chumba cha mitambo kitafungwa. Fundi mkataba wake utaishia hapo. Mimi nitarudi getini, au nipelekwe popote kampuni itakapotaka. "Khalas," akasema, si kwa ukali.

Siku zilizofuata Fundi hakutulia. Alipanda darini akafuta vumbi kwenye vioo mpaka vikang'aa. Alifunua mabomba yote. Alirekodi pampu zote na kuzituma Mombasa, na Mombasa wakajibu kwamba zina afya kuliko wao. Asubuhi moja, saa tatu, jua likiwa kali, nilimkuta amesimama mbele ya pampu inayoleta maji kutoka kwenye sola. Haikuwa ikizunguka, kwa maana hujizima yenyewe tangi likiwa moto. Mgongo wa mkono wake ulikuwa kwenye bomba la kurudi.

"Jua lipo," alisema polepole. "Pampu inalala. Tangi linasema limeshiba. Limekula wapi?" Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake: "Au labda ni mimi niliyezeeka."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyeniona, na kesho yake ningeacha kuwasha, mambo yakawa yamekwisha. Lakini mtu yule alikuwa anajitilia shaka kwa ajili yangu.

"Mimi ndiye niliyelilisha, Fundi."

Hakugeuka. "Saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Koili gani?"

"Ya chini."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

Alikwenda mezani, akatia maji kwenye birika, akabonyeza. Sikuthubutu kusema kimeungua.

"Mgeni anakuja kwako na chungu cha chakula," alisema hatimaye. "Anakuta mmekula, mmeshiba, mnapiga miayo. Atafanya nini? Ataondoka na chungu chake. Hilo ndilo ulilolifanyia jua mwezi mzima. Jua limekuja mlangoni, likakuta tangi limejaa moto wa gesi."

"Kulikuwa na watu wanaoga baridi."

"Najua. Ungeniambia." Alinimiminia chai, jambo alilolifanya mara chache. "Kuwapa maji si kosa. Kosa ni kulijaza tangi mpaka shingoni kwa sababu unaogopa mtu mmoja akose. Boila ina koili mbili. Ya juu inapasha kichwa cha tangi tu, na kichwa kinawatosha wauguzi. Tumbo liachie jua. Tangi liamke na njaa."

Kisha yule aliyenikaripia mwaka mzima kuhusu ukweli wa daftari akasema, "Meneja nitamwambia kidhibiti joto kiliharibika."

"Hapana," nikasema. "Utaufanya mtambo kipofu."

Nilikaa chini nikaandika asubuhi zote, moja baada ya nyingine, saa na koili na kiasi, na pembeni nikaandika: niliwasha mimi, sikuandika. Tukalipeleka ofisini pamoja. Fundi alibeba mwavuli, nami kwa mara ya kwanza alinipa nafasi chini yake.

Fundi alimsomea meneja kwa Kiarabu chake cha kazini. Meneja akanitazama. "Huyu askari anajua nini kuhusu koili?"

"Kuliko mimi na wewe," Fundi akajibu. "Mimi nimekaa miaka yote hii bila kulijua kosa hilo. Yeye amelifanya."

Meneja alicheka bila kutaka, na hilo ndilo lililotuokoa. Alitupa mpaka mwisho wa Februari.

Tulibadilisha koti la bomba lote linalokwenda kwa wauguzi, Fundi akiwa amelala kifudifudi mchangani na mwavuli umesimikwa juu ya kichwa chake. Kila saa kumi niliwasha koili ya juu peke yake, kwa muda mfupi, nikaandika. Nekesa na wenzake nilikwenda kuwaeleza mwenyewe. Walikubali kuoga kwa zamu badala ya wote pamoja. "Sawa, lakini nikiganda nitakuletea maiti yangu," Nekesa aliniambia. Hakuganda. Asubuhi jua lilipopiga vioo, pampu ya sola iliamka na kuanza kunguruma, na Fundi akasimama mbele yake mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza kwaya.

Mwisho wa Februari meneja alikuja na karatasi imekunjwa. Aliiweka mezani kando ya birika na kusema, "Zinabaki." Fundi aliisoma, akaikunja tena, akaniambia, "Mwenzangu, funga mlango, joto linatoka."

Hiyo ndiyo sifa pekee niliyoipata kwake. Tangu siku hiyo hakuniita Askari tena.

Alikaa miaka miwili zaidi, kisha umri wake ukawa haumruhusu kuongezewa kibali. Meneja aliniambia ninaweza kubaki na mitambo, lakini anayeiendesha peke yake lazima awe na cheti, la sivyo kampuni italeta mtu mwingine. Kulikuwa na mafunzo ya siku za Ijumaa, kwa Kiingereza. Alinipa fomu. Niliiweka chini ya birika. Nilijiambia nitaijaza mdogo wetu wa mwisho akimaliza chuo. Ukweli ni kwamba juu yake palikuwa na mstari wa kuandika umesoma mpaka wapi.

Siku yake ya mwisho Fundi aliondoka bila hotuba. Alinikabidhi funguo, akaligusa bomba la kurudi, akatoka. Nilipogeuka niliuona mwavuli umetundikwa nyuma ya mlango. Nililia. Nikaukunjua, nikaufuta vumbi ubavu uliovunjika, nikafikiria msumari nitakaoutundikia daima.

Baada ya saa mbili simu ililia. "Mwenzangu, mwavuli wangu uko wapi? Niko Al Sadd, jua linaniua."

Nilimkuta amebanana na ukuta wa duka la masanduku, kwenye kivuli cha upana wa kiatu, mfuko wa zawadi mkononi. Aliupokea mwavuli bila asante. Tukaingia kwenye mgahawa mdogo, tukanywa chai ya maziwa yenye iliki, naye akalalamika kwamba ni tamu, akaimaliza.

"Tangi limeamkaje?"

"Na njaa."

"Na wadogo zako?"

Nikamwambia. Wa kwanza anafundisha, wa pili ni seremala na ana mtoto, wa mwisho amebakiza mwaka mmoja. Alisikiliza kama anavyosikiliza pampu.

"Utafanya nini huko nyumbani, Fundi?" nikamuuliza. "Hakuna tangi, hakuna boila."

"Maji yakirudi, yanaulizwa yanarudi kufanya nini?"

"Hayaulizwi."

"Yanarudi kufanya nini?"

"Kupashwa."

"Basi." Aliniwekea mgongo wa mkono wake kwenye kifundo cha mkono wangu, akauacha hapo kidogo, macho yakiangalia pembeni. "Wewe bado uko moto," akasema. "Kuna nyumba haijaoga."

"Ipi? Wote watatu nimekwambia."

Akanielekezea ncha ya mwavuli kifuani. "Fomu iko bado chini ya birika langu?"

"Ni ya Kiingereza, Fundi. Mimi ni wa kidato cha pili."

"Na boila ni ya Kijerumani. Ulipolilisha tangi langu, uliiuliza lugha?"

Alisimama, akaagana nami kama mtu anayekwenda kuangalia valvu, akatoka. Mlangoni aliufungua mwavuli, akavuka barabara. Upande wa pili kulikuwa na kivuli kipana cha jengo. Akaufunga.

Kesho yake saa kumi niliwasha koili ya juu, nikaandika kwenye daftari. Kisha nikainua birika nikaitoa fomu, ikiwa na duara la kahawia katikati. Kwenye masomo nikaandika kidato cha pili. Kwenye kazi nikaandika askari. Nikalitazama neno hilo mpaka pampu ya sola ilipoanza kunguruma, nikalikata kwa mstari mmoja, nikaandika fundi.